Raba za Hewa

Siku tuliyomaliza mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, wenzangu waliandikiana majina mgongoni mwa mashati, wakakumbatiana, wengine wakalia. Mie nilikaa kwenye ngazi za darasa nikavua viatu vyangu vyeusi vya shule. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande mmoja, na kidole gumba cha kulia kilikuwa kimeshajifungulia dirisha. Nikavitazama weee, kisha nikaviacha palepale kwenye ngazi, nikaenda nyumbani peku. Nilikuwa nimeshaamua. Kitu cha kwanza kununua baada ya shule ni raba.

Si raba za kutembelea. Nilitaka raba za kukimbilia.

Shuleni nilikuwaga mkimbiaji wa kupokezana vijiti, na tulikimbia peku kwenye kiwanja cha mchanga na mbigili. Mwalimu wa michezo alinisifu sana kwa kasi yangu. Hakujua kwamba mashindano yalifanyika saa nane za mchana, na mchanga ulikuwa wa moto kiasi kwamba mtu yeyote mwenye akili angekimbia. Nilitaka kujua ningekimbiaje kama ardhi isingekuwa inaniunguza.

Hela nilizipata kwa kusuka nywele. Nilisuka majirani wote wa mtaa wetu pale Temeke, mpaka wiki ile ya mtihani wenyewe, kitabu cha Baiolojia kimelala mapajani na kichwa cha mtu katikati ya magoti. Wapo waliotoka pale na mistari iliyopinda, lakini pia walitoka wanaujua mfumo wa mmeng'enyo wa chakula.

Niliishi na bibi yangu, mama yake mama, ndiye aliyenilea. Bibi alikuwa mwenyeji kabisa wa Temeke, mfupi, mwenye sauti kubwa, na alipenda kusema kwamba aliiona Temeke ikiwa mikorosho mitupu. Nilipomwambia nataka kununua raba za mbio, aliacha kupepeta mchele.

"Mbio za kwenda wapi?"

"Za mazoezi, bibi."

"Msichana akimaliza shule anajinunulia mchuchumio," akasema. "Anatembea ko, ko, ko, watu wanasema huyo kamaliza. Wewe unataka raba ili iweje? Watu wajue unakimbia nini?"

Nikamwambia sijawahi kuuona mchuchumio unaovaliwa kwenye mbio. Akafikiri kidogo, akaendelea kupepeta, kisha akasema atanisindikiza mwenyewe Tandika, kwa sababu mie sijui kupatana bei na wauzaji wataniona boya.

Miaka hiyo Tandika ilikuwa imefurika. Nilipokuwa mdogo, maduka yalikuwa na rafu tupu na mwenye duka aliyesinzia, na mche wa sabuni ulikuwa habari ya mtaa mzima. Ghafla mambo yakafunguliwa, na sasa kila kitu kilikuwa kinaning'inia: masufuria, redio, maua ya plastiki, mashati yenye picha za miti ya nchi za baridi. Bibi hakuuzoea ule wingi. Alipita katikati yake kama mtu aliyealikwa harusini kwa makosa, akigusagusa kila kitu.

Raba zangu niliziona kwa mbali. Nyeupe pe, zenye mstari wa zambarau, zimewekwa juu ya boksi lake lenyewe, na ndani ya boksi kulikuwa na karatasi laini. Sikuwahi kumiliki kiatu kilichokuja na karatasi. Jina lililoandikwa ubavuni lilifanana na la kampuni moja kubwa, ila herufi moja ilikuwa imekosea njia.

"Shikamoo bibi," akasema muuzaji. Alikuwa kijana mwenye miwani ya jua, ameisukuma juu ya paji la uso.

"Marahaba. Hizi bei gani?"

Akataja. Bibi akashika kiuno.

"Bibi, hizi si raba za kawaida," muuzaji akawahi. "Hizi zina hewa."

"Zina nini?"

"Hewa. Tazama hapa kwenye soli." Akageuza kiatu. Kwenye kisigino kulikuwa na kidirisha cha plastiki, na nyuma ya kidirisha hapakuwa na kitu. "Hiyo ndiyo hewa yenyewe. Imefungiwa kiwandani hukohuko Ulaya. Sista akikimbia, inamrusha."

Bibi akachukua kiatu, akakisogeza karibu na jicho, akaangalia ndani ya kidirisha kwa muda mrefu. Kisha akabonyeza kwa kidole gumba.

"Mwanangu, hewa hapa Tandika si ipo?"

"Ipo, bibi. Lakini hii ni ya kukimbilia."

"Na ndiyo inayofanya bei iwe hivyo?"

"Ndiyo hiyo, bibi. Ungenunua zisizo na hewa, bei ingekuwa chini."

"Haya basi," akasema bibi, akamrudishia kiatu. "Itoe hewa, umpunguzie mtoto."

Muuzaji akacheka. Bibi hakucheka.

"Haitoki, bibi."

"Haitoki kwa nini? Imeingiaje?"

Yule kijana alikuwa amejiandaa kwa wateja wa kila aina, wanaosema ni ghali, wanaosema ni feki, wanaosema duka la pili wamepunguziwa. Lakini hakuwa amejiandaa kwa mteja anayetaka hewa itolewe. Akashusha miwani, akaipandisha. Akaeleza habari za kiwanda na mashine. Bibi akamsikiliza kwa heshima zote, kisha akamwambia kwamba yeye hana ugomvi na mashine, ila mjukuu wake ana mapafu mazima na hewa ya ziada hana haja nayo. Watu wakaanza kusimama. Mwishowe kijana akashusha bei mwenyewe, nadhani ili tuondoke.

Njiani bibi alibeba boksi kichwani. "Umenunua hewa," akawa ananiambia kila tukifika kona. "Umesoma miaka yote hiyo, ukaja kununua hewa."

Lakini tulipofika nyumbani alikuwa wa kwanza kuwaita watu. Wapangaji wetu wakatoka vyumbani kuja kubonyeza. Mpangaji wa chumba cha uani, fundi cherehani mmoja mwenye maswali mengi, akauliza hewa ikiisha inakuwaje, je, mtu anapeleka kwa fundi baiskeli ikajazwe pampu? Na kama ni hewa ya Ulaya, si itakuwa ya baridi, haitanitia mafua ya miguu? Jirani yetu muuza vitumbua, mama wa makamo, mnene, mwenye kicheko cha kutikisa mabega, akaja na mikono yake ya mafuta. Nikapiga kelele asiguse. Akabonyeza kwa kiwiko.

Sasa tatizo likawa moja. Zilikuwa nyeupe mno.

Mtaa wetu ulikuwa na vumbi wakati wa jua, tope wakati wa mvua, na maji ya sabuni ya wapangaji nyakati zote. Kila nikitoka mlangoni na raba zangu, nikitazama chini, moyo unagoma, narudi ndani. Nilizivaa nikakaa kitandani, miguu nimeining'iniza hewani. Nilitembea nazo kwenye mkeka. Nilizipiga mswaki ingawa hazikuwa zimekanyaga kitu. Bibi akanivumilia, mpaka asubuhi moja alipoingia akanikuta nimekaa kitako, nimezivaa, najipepea.

"Zinakimbiwa kwa kukaa hizo?"

"Nasubiri vumbi litulie, bibi."

"Vumbi la Temeke? Nimelikuta hapa, na litanizika. Toka nje."

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, nikatoka. Nilivaa bukta ya shule, juu yake sketi, na juu ya sketi bibi akanifunga khanga kiunoni ili heshima isije ikabaki nyuma. Muuza vitumbua alikuwa ameshawasha moto kibarazani kwake, chuma cha kukaangia kinachemka mafuta. Nikamwamkia, akaniitikia bila kuinua macho. Nikavuta pumzi. Nikakimbia.

Nasema kweli, sijui kama ilikuwa hewa ya Ulaya au ni furaha tu, lakini nilipaa. Raba zilitoa mlio, kwi, kwi, kwi, kama kifaranga, na kila mlio ulinisukuma mbele. Nikapita duka la mkaa, nikapita msikitini, nikakata kona. Mama mmoja aliyekuwa anafagia akanyanyuka.

"Wapi?" akapiga kelele.

Nikaona ni jirani mwema anayependa michezo. "Uwanjani!" nikamjibu.

Nyuma yangu nikasikia ufagio unaanguka.

Sasa lazima mjue hali yetu ya maji. Mabomba ya Temeke wakati ule yalikuwa yakikauka wiki nzima, halafu asubuhi moja, bila taarifa, moja linaanza kukohoa mahali fulani. Aliyesikia hakutangaza. Alichukua ndoo akakimbia. Kwa hiyo mtu akionekana anakimbia alfajiri, hakuna aliyeuliza mengi. Unauliza wapi, unachukua ndoo yako, unamfuata. Hata mie nilishawahi kufuata watu namna hiyo mara nyingi. Lakini asubuhi ile nilikuwa mwanamichezo, na hilo halikunijia kabisa.

Nikaanza kusikia vishindo. Vishindo na kelele kama za bati. Mwalimu wetu wa michezo alitufundisha kwamba mkimbiaji hageuki nyuma, kwa kuwa ukigeuka unapoteza kasi, basi sikugeuka. Nikafikiri kuna wakimbiaji wengine mtaani na wanataka kunipita. Nikasema, hawanipiti na hewa yangu. Nikaongeza mwendo.

Walionifuata walipoona nimeongeza mwendo, wakajua maji yanakaribia kukatika. Na wao wakaongeza.

"Jamani taratibu!" nikasikia mtu analia huko nyuma. "Niachieni hata dumu moja!"

Nikaona huyo ni mkimbiaji wa ajabu sana. Nikazidi kukanyaga.

Nilifika uwanja wa mpira wa mtaa, nikagusa nguzo ya goli, nikainama kushika magoti kama nilivyofundishwa. Ndipo nikageuka.

Umati. Ndoo za bati, ndoo za plastiki, madumu, sufuria, beseni moja la kuogeshea mtoto. Fundi cherehani wetu alikuwa na mswaki mdomoni na povu kidevuni. Na mbele yao wote, amesimama hatua chache kutoka kwangu, anatweta, khanga imeshikwa kwa meno, alikuwa muuza vitumbua, na mguuni ana ndala moja.

"Bomba liko wapi?" akauliza, khanga ikaanguka.

"Bomba gani, mama?"

"La maji!"

Nikatazama uwanja. "Hapa hakuna bomba. Kuna goli."

"Sasa wewe ulikuwa unafuata nini?"

"Nakimbia tu."

"Unakimbia tu nini?"

"Nakimbia, mama. Basi."

"Kuna mtu anakufukuza?"

"Hakuna."

"Umechelewa mahali?"

"Hapana."

Mama mwenye beseni akaliweka chini taratibu, akalikalia. Mtu mmoja nyuma akamuuliza mwenzake, "Kasema nini?" na mwenzake akamjibu, "Anasema anakimbia." Fundi cherehani akatoa mswaki mdomoni, akatema pembeni, akawageukia watu kwa uso wa mtu aliyeelewa.

"Ni ile hewa," akasema.

Tulirudi pamoja, kwa sababu njia ilikuwa moja. Mie katikati na raba zangu, wao na ndoo zao tupu, na kila tuliyekutana naye aliuliza maji yako wapi, na kila aliyeulizwa alininyooshea kidole. Sijawahi kuona barabara ile ikiwa ndefu namna hiyo.

Muuza vitumbua alipofika kibarazani kwake alikuta moshi. Vitumbua vyote vya chuma kile vilikuwa makaa. Akaviweka kwenye sinia, akaja navyo moja kwa moja mpaka mlangoni kwetu, akavitua mbele ya bibi.

"Tazama mjukuu wako alichonifanyia."

Bibi alikwishapata habari yote. Habari zilikuwa na mbio kuliko sisi. Akachukua kitumbua kimoja, akakikwangua weusi kwa kisu, akakitafuna. Akamwambia aviache vyote, sie tutavila. Tukavila kweli, asubuhi ile na adhuhuri yake, vikisugua koo. Kisha bibi akamkaribisha mkekani, akamtilia chai.

"Lakini shoga," akamuuliza, "umefika uwanjani wa ngapi?"

Jirani akageuza kikombe. Nikaona mabega yake yameanza kutulia. "Wa pili."

"Wa pili?"

"Nyuma ya huyu. Na ningempita, bibi. Ningempita kama asingekuwa na hewa."

"Na ndala zako hizo?"

"Ndala moja. Nyingine ilikatika pale msikitini, sikuirudia." Akapuliza chai. "Fundi cherehani nilimpita darajani. Kijana mzima. Na ndoo nilikuwa nayo."

Akaanza kucheka kile kicheko chake, bibi akacheka, nami nikaona ruhusa ya kucheka imetoka.

Nilidhani yameisha. Asubuhi iliyofuata, nafungua mlango, namkuta amesimama nje, khanga mbili kakaza kiunoni, peku, ndoo mkononi. Vitumbua kamwachia binti yake akaange.

"Jana nimelala usingizi ambao sijaulala tangu niolewe," akasema. "Twende."

"Na ndoo, mama?"

"Mtu mzima kama mie nikionekana nakimbia mikono mitupu, watasema nimechanganyikiwa. Nikiwa na ndoo, nafuata maji. Nani atauliza?"

Nikaona ana akili kuliko mie. Nikarudi ndani nikachukua ndoo yangu.

Ndivyo tulivyoanza kukimbia. Mwanzo walitufuata tena, siku ya pili na ya tatu, kwa mazoea, wakarudi wakitutukana. Halafu wakaacha. Mama wa beseni akajiunga, naye akaja na beseni. Fundi cherehani akawa anatukimbilia nyuma na mswaki wake, akisema anatulinda, lakini alikuwa akituomba tupunguze. Kufika uwanjani tulikuwa tukigeuza ndoo, tunazikalia, tunapiga soga mpaka jua linachomoza. Raba zangu zikageuka rangi ya Temeke na sikujali tena.

Kisha ikatokea asubuhi moja tumekaa pale, tukasikia kitu. Kilikuwa kinakohoa. Nyuma ya uwanja kulikuwa na bomba la zamani, lililokauka miaka mingi, ambalo watoto walikuwa wakilitumia kufungia mbuzi. Likatema kutu, likatema hewa, halafu maji yakatoka, meupe, kwa nguvu. Muuza vitumbua akapiga kigelegele. Tukakinga ndoo. Mie, kwa kuwa nilikuwa na raba, nikatumwa niende kuwaita watu.

Nikakimbia mtaa mzima. "Maji! Yametoka! Uwanjani!"

Mama yule wa ufagio akaniangalia akaendelea kufagia. "Haya, kimbia salama," akasema.

"Maji kweli, mama! Wallahi!"

"Kimbia, mwanangu, kimbia. Ujana ni wako."

Mlango hadi mlango, ndivyo walivyonijibu. Mwenye duka la mkaa alinipungia mkono. Hakuna aliyegusa ndoo, mpaka wenzangu walipoonekana wanakuja taratibu na ndoo kichwani, maji yanawachuruzikia mabegani. Hapo mtaa ulitoka wote mara moja kama umepigiwa filimbi, na mie, niliyekuwa na raba, nikasukumwa ukutani na watu wenye ndala.

Matokeo yalipotoka nikapata nafasi chuo cha ualimu, mikoani. Siku moja kabla ya safari, muuza vitumbua aliniomba tushindane sie wawili tu, kutoka mlangoni kwa bibi mpaka kwenye goli. Nikafunga kamba za raba vizuri. Yeye akavua ndala, akaiweka ndoo kichwani bila kuishika, akamwambia bibi ahesabu.

Nilipofika uwanjani alikuwa ameshageuza ndoo amekaa juu yake, anajipepea kwa ncha ya khanga.

"Kesho nitakuacha zaidi," akasema.

"Kesho nasafiri, mama."

Akasahau kujipepea. Alikuwa anajua, nadhani alitaka tu kusahau kidogo. Akasogea upande mmoja wa ndoo ili nami nipate pa kukaa, ingawa ndoo ilikuwa ndogo na yeye alikuwa mkubwa, na tukakaa hivyo nusunusu, tukishikana tusianguke, tukiwatazama mbuzi wakiingia uwanjani.